Kukata Shauri

Wazee wetu walisema: Njia mbili zilimshinda fisi. Wala si fisi peke yake. Wangapi katika sisi huamka asubuhi na mambo mawili mbele yao, na magharibi ikaingia wasiwe wameshika hata moja? Akiba hii tuezeke nyumba au tulipe ada ya shule? Mposaji huyu tumkubali au tumrudishe? Mambo haya si ya wafalme, ni ya kila nyumba. Lakini ndani yake mna amani ya nyumba au fitina yake.

Tutazame lugha yetu wenyewe. Mtu akiazimia jambo twasema, "amekata shauri." Neno shauri limetoka katika Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na shura, yaani kupeana rai. Basi hapo mna mambo mawili: kwanza liwepo shauri, kisha likatwe. Nyumba nyingi hutaabika kwa kukosa moja la hayo.

Wako wakatao pasipo shauri. Baba huamua peke yake, mke na watoto wakapata habari kama wapita njia. Huyu na asome Sura ya Al-Baqara, aya ya 233. Hapo Mwenyezi Mungu ametaja jambo la ndani ya nyumba, kumwachisha mtoto ziwa kabla ya kutimia miaka miwili, na hata hilo limefungamanishwa na wazazi wawili kuridhiana na kushauriana. Ikiwa ziwa la mtoto lataka shauri, je, shule yake na ndoa yake?

Tena mwaka wa 6 wa Hijra (628), baada ya mkataba wa Hudaybiya, Masahaba waliamriwa wachinje na wanyoe, wasiinuke kwa huzuni waliyokuwa nayo. Mtume (s.a.w.) akaingia kwa mkewe, Bibi Umm Salama, akamweleza. Bibi akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Akafanya hivyo, na watu wakamfuata. Ni nani basi katika sisi aliye mkubwa hata asimsikilize mkewe?

Na wako wenye shauri wasiolikata. Tuchukue mfano. Binti ameitwa shule ya bweni iliyo mbali. Mama ameridhia, ami ameridhia, mwalimu amemsifu. Baba ameswali istikhara, naye angoja ndoto.

"Baba, siku ya mwisho ni Jumatatu."

"Tulia, mwanangu. Bado sijaonyeshwa."

Jumatatu ikapita, nafasi akapewa mwingine. Baba huyu amekwisha kuamua kwamba bintiye asiende, ila hakuwa na ujasiri wa kusema.

Hadithi ya istikhara, aliyoipokea Jabir bin Abdullah na kuitaja Bukhari, haina ndoto ndani yake. Ni rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha dua ya kumwomba Mwenyezi Mungu alifanye jepesi jambo lenye heri na aliepushe lenye shari. Aliyekwisha kuswali hushika lililomwelekea kuwa jema, akaenda. Wala hakuna istikhara ya kutenda faradhi au kuacha haramu. Hayo yamekwisha kukatwa.

Msomaji atasema: Je, nikikosea? Akumbuke Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra (625). Mtume (s.a.w.) alifuata rai ya waliotaka kutoka nje ya Madina. Alipokwisha kuvaa deraya, wakajuta, lakini yeye hakurudi nyuma. Siku ile Waislamu walipata msiba mkubwa. Hata hivyo Sura ya Aal Imran, aya ya 159, iliyoteremka baada ya vita hivyo, haikuwaondolea shauri: imeamrisha kushauriana, kisha kuazimia, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Basi, enyi vijana na wazazi, mambo madogo msiyape usiku mzima. Makubwa yawekeeni siku, muulize yawahusuo, mswali, kisha mkate. Mwenyezi Mungu atuongoze katika yaliyo na heri. Amin.