Meno yaliyopandana na mgongo uliopinda

Mama mmoja wa Kirumba alinijia na mwanawe wa miaka 8: meno ya mbele yamechomoza, mabega yameinama. Ameambiwa mtoto akifungwa waya menoni, na mgongo utanyooka. Alikuwa tayari kuuza cherehani.

Mama, subiri kwanza. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kupanga meno hunyoosha mgongo. Ila mtoto ambaye pua yake imezibwa na nyama za puani hupumua kwa mdomo, hukoroma usiku, na huenda akasogeza kichwa mbele apate hewa. Huyo aonwe kwanza na daktari wa masikio, pua na koo, kama pale Bugando. Waya baadaye.

Meno ya ukubwani huanza kuota karibu na miaka 6, hivyo miaka 7 ni umri mzuri wa kumpeleka akaangaliwe. Meno ya chini yakitangulia ya juu, tiba ya mapema husaidia. Wengi wengine husubiri tu, waache kunyonya kidole, na magego ya utoto yasing'olewe ovyo, maana ndiyo yanayowashikia nafasi wenzao. Na wanaochimba fizi za kichanga kutoa "meno ya plastiki" wanang'oa chonge changa. Kuhara hakuponi kwa hilo.

Na mgongo? Tazama madrasa zetu, watoto wamejikunja juu ya juzuu zilizolazwa mkekani. Marufaa ya mbao ni rahisi kuliko waya. Bega moja likibaki juu hata mtoto akisimama wima, mlete hospitali.