Pedi za breki zimeisha upande mmoja? Uliza sababu kabla ya kubadilisha

Dodoma. Asubuhi za siku za shule, magari madogo ya familia hutoka Chang'ombe yakiwa na watoto wawili au watatu kiti cha nyuma. Mzazi hukagua mafuta na upepo wa matairi, kisha anaondoka. Breki hukumbukwa zinapoanza kulia.

Zikilia, safari ni ya gereji. Fundi anafungua tairi na kusema, "Mama, pedi zimeisha." Mpya zinafungwa, kelele inakoma, mzazi analipa. Miezi michache baadaye kelele inarudi, upande uleule.

Wazazi wanalijua hili katika afya. Si kila homa ni malaria, na kushusha homa ya mtoto bila kumpima huficha ugonjwa. Pedi iliyolika upande mmoja ni homa ya gari. Ugonjwa uko kwingine.

Zipange, zisome

Magari mengi madogo kutoka Japani yana breki za diski mbele. Kila tairi la mbele lina pedi mbili, ya ndani na ya nje, zinazobana diski. Pedi mpya huwa na unene wa takriban milimita 10. Ikifika milimita 3 ni wakati wa kuibadilisha. Breki zikiwa nzima, zote nne hulika kwa kiasi kinachokaribiana.

Kabla fundi hajatupa za zamani, mwombe azipange kama zilivyotoka: kushoto na kulia, ndani na nje.

Ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, mara nyingi pistoni inayosukuma pedi imeshika kutu na hairudi vizuri, au pini zimekwama. Ya nje ikitangulia kuisha, shuku pini, yaani vyuma ambavyo kaliperi huteleza juu yake. Pedi iliyolika mshazari, ncha moja nyembamba, huonyesha kuwa pini moja imekwama au pedi haikukaa sawasawa.

Pedi zote mbili za tairi moja zikiisha mapema, huenda kaliperi haiachii au paipu ya mpira imeziba kwa ndani. Huenda pia upande wenye pedi nene ndio haufanyi kazi.

Mazingira nayo huchangia. Mpira unaofunika pini ukichanika, vumbi la kiangazi huingia, na mvua za Desemba zikianza, maji hufuata na kuleta kutu.

Hatari iko wapi

Breki zisizolingana huvuta gari upande mmoja dereva anapozikanyaga ghafla, mathalani mtoto anapokatiza barabara. Breki isiyoachia hupata joto kali, na joto hilo hufika kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huvumilia hadi nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka; yakishavuta unyevu, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi karibu 140. Yakichemka, pedali huzama bila gari kusimama. Kwa familia inayorudi kutoka Iringa ikiteremka Nyang'oro kuelekea Mtera, hapo si mahali pa kugundua tatizo.

Dalili huonekana mapema: harufu ya kuungua, gari kuvuta upande, rimu moja kuwa na vumbi jeusi kuliko nyingine. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kugusa. Moja ikiwa na joto zaidi, nenda gereji.

Mwambie fundi

Asafishe pini na kuzipaka grisi maalumu ya breki, kwa kuwa grisi ya kawaida huvimbisha mipira. Akague pistoni na paipu, na abadilishe pedi za matairi yote mawili ya mbele kwa pamoja. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo. Baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbesto inayosababisha saratani. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, watoto wakiwa mbali.

Pedi mpya utalipia, lakini usiwashe gari kabla fundi hajakujibu: kwa nini hii imeisha na mwenzake bado?