Mavi ya njiwa ndani ya depo: tulowanishe mbele ya kufagia

Mbele ya mavuno, kila koperative inafungua depo na kutuma wamama wafagie. Juu, kwenye miti ya paa, njiwa wamelala miezi mingi. Chini mavi yao yamekauka, yamekuwa vumbi. Ufagio ukipita, wingu linapanda. Leo hatuongei juu ya fukusi, tunaongea juu ya wingu lile.

Ndani yake munaweza kuwa na kuvu inayoitwa kriptokoko, ndogo sana, jicho haliioni. Inapenda mavi ya njiwa yaliyozeeka, penye kivuli. Mwaka 1955 mtafiti Mmarekani Chester Emmons aliikuta ndani ya mavi hayo. Karibu na sisi, ng'ambo ya Ruzizi, watafiti waliikuta Bujumbura katika vibanda vya njiwa na katika vumbi la nyumba. Njiwa mwenyewe kwa kawaida haugui, sababu mwili wake una joto la digrii 41 hivi, na kuvu hiyo haipendi moto namna ile. Anaibeba tu.

Mtu anaivuta kwa pua. Mwenye mwili wenye nguvu mara nyingi hasikii kitu. Lakini kwa mwenye virusi vya SIDA asiyetumia dawa, inaweza kutoka mapafuni ikapanda mpaka kwenye ubongo. Kichwa kinauma juma kwa juma, homa, kutapika, shingo inakaza. Watu wanasema ni malaria, ao amelogwa, na siku zinapita. Bila dawa inaua. Mukimbilie kituo cha afya mapema. Kipimo cha damu kipo. Na haipiti toka mtu kwa mtu, basi musimukimbie mgonjwa.

Koperative isianze kuuliza nani ana virusi. Hiyo ni siri ya mtu, na wengine wenyewe hawajajua. Afazali sheria moja kwa wote: hakuna kufagia kukavu. Mumwage maji polepole, mungoje yapenye, kisha mukwangue kwa jembe na kutia ndani ya mufuko. Kitambaa puani kinapunguza vumbi, lakini hakitoshi.

Mavi yenyewe ni mbolea nzuri. Muyachanganye na majani ndani ya shimo la mboji, yaoze kwa moto wake, na mulowanishe tena kila mukigeuza.

Sumu ya ndege, hapana, si karibu na chakula. Muzibe matundu ya paa kwa waya. Na depo ikauke kabisa mbele ya kuingiza mifuko: mahindi yakilala kwenye unyevu, yataota ukungu mwingine wenye sumu.