Bloku jipya, bushi inaungua: kwa nini kazi ya chuma huanzia kwenye jiliwa

Msumeno wa kupasulia mbao umesimama tangu jana saa nne. Magogo ya paini yamepangwa uani, vijana wamekaa juu yake, na mwenye lori anapiga simu kila baada ya nusu saa. Kilichoharibika si injini wala si meno ya msumeno. Ni bloku la chuma lenye ukubwa wa kiganja, linalobeba bushi ambamo shafti inazunguka. Bloku hilo ni jipya. Lilichongwa mjini, likafungwa, likapakwa grisi. Siku ya tatu bushi ikaanza kulia, siku ya tano ikaungua.

Anayeishi na mashine huku kwetu, awe Matembwe, Lupembe, Njombe mjini au Makambako, anaijua hadithi ya namna hii, hata kama kwake ilikuwa mashine ya kusaga mahindi. Lawama huenda kwa chuma, kwamba ni feki, au kwa grisi, au kwa kijana aliyefunga bolti. Mara nyingi kosa liko mahali pasipoonekana kwa macho: bloku halikuwa na pembe mraba.

Tupige hesabu kidogo. Bloku lina milimita 100, na uso wake mmoja umelala upande kwa nusu milimita kutoka juu hadi chini. Nusu milimita ni kama karatasi tano za ofisini zilizobanwa pamoja, nani atajali? Lakini shafti inafuata uso wa bloku. Kila milimita 100 inapotea nusu milimita, kwa hiyo mita moja mbele inataka kupita milimita 5 pembeni ya mahali pake. Haiwezi, kwa sababu bloku la pili limeishikilia. Basi inalazimishwa, bushi inabanwa upande mmoja, joto linapanda, grisi inayeyuka na kutoka. Zipo beringi zinazojipanga zenyewe ndani ya nyumba yake, hizo husamehe kiasi. Bushi ya shaba haisamehe.

Mashine ya kazi hii

Bloku kama hilo linaweza kuchongwa kwa tupa, na anayesoma ufundi wa mitambo kwa kawaida huanza hivyo, siku nyingi za tupa, guni na vidole vyenye malengelenge. Lakini kazi ya haraka na ya uhakika ni ya mashine ya milingi. Hii ni ndugu wa mashine ya kukereza, ila mambo yamegeuzwa. Kwenye kukereza, chuma ndicho kinachozunguka na kisu kimetulia. Kwenye milingi kisu kinazunguka, na chuma kimebanwa kwenye meza inayosogea kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Umbo linaloonekana katika karakana nyingi, lenye kichwa kinachoweza kuinamishwa, linafuata mashine ya Bridgeport iliyotoka Connecticut, Marekani, mwaka 1938.

Nchi yetu iliwahi kutaka kutengeneza mashine za namna hii yenyewe. Kilimanjaro kilijengwa kiwanda cha zana za mashine kwa msaada wa Bulgaria, na Mang'ula, Kilombero, kikawepo kingine kilichotokana na karakana ya ujenzi wa reli ya TAZARA, ile ile inayopita Makambako. Leo karakana nyingi za mtaani zina grainda na mashine ya kuchomelea, na milingi si ya kila mtaa. Ndiyo maana bloku linasafiri. Na Matembwe, kijiji chenye umeme wake wa maji tangu miaka ya 1980 kwa ushirikiano na shirika la CEFA la Italia, si mahali ambapo mashine ni ngeni. Umeme upo, mbao zipo, mashine zipo. Kinachosubiriwa kila mara ni kipande cha chuma kilichonyooka.

Jiliwa kwanza

Chuma hakishikwi na meza moja kwa moja. Kinashikwa na jiliwa lililofungwa juu ya meza. Jiliwa lina taya mbili: moja haisogei, ni sehemu ya mwili wake, nyingine inasogezwa na skrubu. Fundi mzuri anaiamini taya isiyosogea peke yake. Ile inayosogea, ukiikaza, hunyanyuka kidogo na kuvuta chuma pamoja nayo. Hata jiliwa jipya la bei kubwa lina tabia hiyo, tofauti ni kiasi tu.

Kabla ya kuliweka jiliwa, meza inafutwa. Si kufagiliwa kwa brashi tu, bali kupitishwa kiganja kitupu, mashine ikiwa imezimwa, maana kiganja huhisi chenga ambayo jicho limeikosa. Chenga moja ya chuma chini ya jiliwa inatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Palipo na kovu la nyundo, jiwe la kunolea linapitishwa taratibu hadi kovu lilale. Chini ya jiliwa nako vivyo hivyo.

Kisha linapangwa. Bolti ya upande mmoja inakazwa kiasi, ya upande wa pili inaguswa tu, ili jiliwa liweze kuzunguka kidogo kwenye ile ya kwanza. Saa ya kupimia inafungwa kwenye spindeli, yaani pale panapokaa kisu, na ncha yake inagusa taya isiyosogea karibu na bolti iliyokazwa. Mshale unawekwa kwenye sifuri. Meza inasogezwa polepole hadi ncha ifike mwisho wa pili wa taya. Mshale ukihama, jiliwa limekaa upande. Linagongwa kwa nyundo laini, ya mpira au ya shaba, hadi mshale ukaribie sifuri. Halafu unarudi mwanzo, unaweka sifuri upya, unapima tena. Mara tatu, mara nne. Bolti zikishakazwa kabisa unapima mara ya mwisho, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza jiliwa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapima, wanakaza, wanaanza kukata.

Mshale ukihama milimita 0.02 katika urefu wa taya wa milimita 100, kwa bloku la msumeno wa mbao ni kazi nzuri. Ukihama 0.1, endelea kugonga.

Kuna jambo la kutangulia hata hili, nalo ni kichwa cha mashine. Kama kichwa kimeinama, kisu hakikati uso ulio bapa. Kinaacha bonde dogo au ngazi kila kinapopita. Saa inafungwa kwenye mkono unaozunguka na spindeli, inazungushwa kwa mkono juu ya meza, na mshale unatakiwa usome sawa mbele, nyuma, kushoto na kulia. Ni kazi ya dakika ishirini. Katika karakana yenye wateja wanaosubiri mlangoni hurukwa, na sitashangaa kama bloku letu lilizaliwa siku hiyo.

Nyuso sita, kwa mpangilio wake

Bloku lina nyuso sita, na siri ya kazi ni mpangilio. Uso wa kwanza ni ule mpana kuliko zote. Unakatwa ukiwa juu, chuma kikiwa kimekaa juu ya vyuma viwili sambamba ili kiinuke kidogo kutoka kwenye sakafu ya jiliwa. Ukishakatwa, huo ndio mama wa nyuso nyingine zote.

Vile vijino vikali vinavyobaki kwenye kingo vinaondolewa kwa tupa, kila baada ya uso mmoja, bila kusahau. Uso wa kwanza unageuzwa kuegemea taya isiyosogea, na uso wa pili unakuja juu. Tatizo ni kwamba upande wa nyuma, unaoelekea taya inayosogea, bado ni chuma kibichi kisichonyooka. Ukiubana hivyo hivyo, taya itaulazimisha uso wa kwanza utoke kwenye egemeo lake. Kwa hiyo fundi anaweka kipande cha chuma cha duara, mfano fimbo ya milimita 10, kati ya taya inayosogea na bloku, katikati ya kimo kilichobanwa. Fimbo inagusa kwa mstari mmoja tu. Haiwezi kukipinda chuma. Inakisukuma moja kwa moja hadi uso wa kwanza ulale vizuri kwenye taya. Kifaa hiki hakina bei, na ukikikosa karakanani ni jambo la kuulizia.

Uso wa pili ukitoka, una pembe mraba na wa kwanza. Sasa bloku linapinduliwa: wa pili unakaa chini juu ya vyuma sambamba, wa kwanza bado unaegemea taya isiyosogea, fimbo bado ipo. Unakatwa uso wa tatu, na hapo unafikishwa kwenye kipimo. Kwa uso wa nne, ule wa kwanza ndio unakwenda chini, na fimbo inaondolewa, maana pande zote mbili zinazobanwa zimeshanyooka. Zinabaki ncha mbili. Bloku likiwa fupi linasimamishwa wima, guni inawekwa kati ya sakafu ya jiliwa na uso uliokatwa, linabanwa, ncha ya kwanza inakatwa. Ya mwisho haihitaji guni: inakaa juu ya ile iliyokwisha kukatwa.

Kila linapobanwa, bloku linagongwa kwa nyundo laini ili likae chini. Ukishagonga usikaze tena, maana kukaza kutalinyanyua upya. Utajuaje limekaa? Weka vipande vinne vyembamba vya karatasi chini ya pembe zake kabla ya kubana, kisha vivute. Kama vitatu vimekwama na cha nne kinateleza, halijakaa. Karatasi ya kawaida ina unene wa takriban milimita 0.1, na kwa karakana isiyo na vifaa vya bei ni kipimo cha heshima.

Karatasi hiyo hiyo ni dawa pia. Uso wa pili ukipimwa na kukutwa una pembe pana kuliko nyuzi 90 dhidi ya wa kwanza, ukanda wa karatasi unawekwa kwenye taya isiyosogea, upande wa chini, na uso unakatwa tena. Pembe ikiwa finyu, ukanda unakwenda juu. Ni dawa ya muda, jiliwa lenyewe linahitaji matengenezo, lakini msumeno haungoji.

Na guni yenyewe ni ya kuaminiwa? Ipime. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa bati, chora mstari mwembamba, igeuze upande wa pili, chora tena kutoka nukta ile ile. Mistari ikilaliana, guni ni nzima. Ikiachana, nafasi unayoiona ni mara mbili ya kosa lake.

Baridi ya Njombe

Chuma hutanuka kikipata joto. Bloku la milimita 100 likitoka kwenye kisu likiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya kawaida, limeongezeka kama milimita 0.024. Asubuhi ya Juni au Julai huku kwetu tofauti hiyo inafikiwa kirahisi. Likipimwa moto na kukatwa hadi kipimo, likipoa litakuwa dogo. Kwa bushi inayoingizwa kwa kubana, hiyo yatosha kuharibu mkao wake. Anayesubiri chuma kipoe si mvivu.

Baridi hiyo hiyo inaleta hatari nyingine. Wenyeji tunavaa sweta, makoti, skafu. Mbele ya kisu kinachozunguka, skafu na mkono mpana wa koti ni kifo, na glovu zinavuta vidole vyote badala ya kukwaruza kimoja. Chenga zinaondolewa kwa brashi, mashine ikiwa imezimwa. Kupima nako ni baada ya kuzima.

Ukipeleka kazi

Mteja ana sehemu yake. Peleka bloku la zamani hata kama limevunjika, na bushi yake, na kama inawezekana shafti. Mwambie fundi uso upi unakaa kwenye fremu na uso upi unabeba tundu la shafti, kwa sababu hizo mbili ndizo zinazotakiwa kuelewana. Nyuso nyingine hata zikikosea kidogo hakuna atakayejua. Mwombe aweke guni mbele yako na aelekeze kazi kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipenya kati ya guni na chuma, hata kwa uzi mwembamba, utauona kabla hujalipa, na kabla ya nauli ya kurudi Matembwe.