Kosa Linalotangulia Mashine

Potasiamu katika damu ya mtu mzima mwenye afya hukaa kati ya milimoli 3.5 na 5.0 hivi kwa lita. Ikifika 7, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika hadi moyo ukasimama, kwa hiyo jibu la namna hiyo hupelekwa wodini kwa simu bila kungoja karatasi. Lakini karatasi inaweza kuonyesha 7 ilhali mwilini mwa mgonjwa ni 4, na mashine iliyopima ikawa haina hitilafu hata kidogo.

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna potasiamu zaidi ya mara 20 ya ile iliyomo kwenye plazima inayozizunguka. Damu ikivutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, au chupa ikitikiswa kama chupa ya dawa ya kikohozi, chembe hupasuka na kumwaga kilichomo. Plazima ikigeuka nyekundu ni nafuu, maana mtaalamu wa maabara huona na kuomba damu nyingine.

Hatari zaidi ni kosa lisiloacha rangi. Chupa ya kifuniko cha zambarau, inayotumika kuhesabu chembe za damu, huwa na EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo kwa kawaida ni chumvi ya potasiamu, na hufanya kazi kwa kuinasa kalsiamu. Anayemtoa mgonjwa damu akiona chupa ya kifuniko chekundu, ya kupimia potasiamu na kalsiamu, haijajaa, akaiongezea damu kutoka ile ya zambarau, basi katika majibu potasiamu hupaa na kalsiamu huporomoka kwa pamoja. Mtaalamu mzoefu akiyaona mawili hayo yameongozana hushuku chupa kabla ya kumshuku mgonjwa. Asipokuwapo mtu wa kushuku, mgonjwa anaweza kupewa insulini ya kushusha potasiamu ambayo haikupanda, na kitakachoshuka ni sukari yake.

Makosa ya vipimo hugawanywa katika hatua tatu: kabla ya kupima, wakati wa kupima na baada ya kupima. Tafiti nyingi zimeyakuta mengi katika hatua ya kwanza, ambayo kwa sehemu kubwa hufanyika nje ya maabara, mikononi mwa watu ambao wataalamu wa maabara hawawasimamii. Ajabu ni kwamba lawama huishia maabara, kwa kuwa ndiko karatasi inakotoka.

Muda nao huleta kosa. Chembe za damu zilizo ndani ya chupa bado ni hai na zinaendelea kula sukari. Katika joto la kawaida la chumbani, sukari hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa mpaka plazima itenganishwe. Sampuli iliyochukuliwa asubuhi kwenye zahanati na kusafirishwa kwa pikipiki hadi hospitali ya wilaya inaweza kufika ikiwa imepoteza takriban robo ya sukari yake, na mwenye kisukari akaambiwa yuko salama. Chupa ya kifuniko cha kijivu ina floridi ya kuzuia ulaji huo, ila floridi peke yake huchelewa kushika, na katika saa moja au mbili za mwanzo sukari huendelea kupungua. Kinyume chake hutokea damu inapotolewa kwenye mkono wenye dripu ya glukosi: sukari hupaa, na vitu vingine vingi huonekana vimepungua kwa kuwa damu imezimuliwa.

Kosa baya kuliko yote halihusu kemia, bali jina. Katika wodi ya pwani hakuna ajabu kuwakuta kina Fatuma Ali wawili, vitanda vinatazamana. Muuguzi akiuliza, "Wewe ndiye Fatuma?", wote wawili watajibu ndiyo, na mgonjwa mwenye homa kali anaweza kuitikia jina lolote. Kwa hiyo mgonjwa hutakiwa ataje mwenyewe majina yake kamili, yalinganishwe na namba ya faili au tarehe ya kuzaliwa, na chupa iandikwe hapohapo kitandani, kamwe isiandikwe mezani baada ya kukusanya damu za watu watano. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2003, uliohusisha hospitali za nchi 10, ulikuta kwamba takriban sampuli moja katika kila 2,000 za kupima kundi la damu ilikuwa na damu ya mtu mwingine. Mwenye kundi O akiongezewa damu ya kundi A kwa kosa kama hilo anaweza kufa.

Ndani ya maabara yenyewe mambo yametengemaa zaidi, ingawa haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1947 Belk na Sunderman walichapisha matokeo ya sampuli zilezile walizozipeleka katika maabara za hospitali huko Pennsylvania, Marekani: majibu yasiyoridhisha yalikuwa mengi kuliko yanayoridhisha. Mwaka 1950 Levey na Jennings wakaleta chati ya kufuatilia sampuli ambayo thamani yake inajulikana, na mwaka 1981 Westgard na wenzake wakaeleza kanuni za kuamua ni lini chati hiyo inaonya. Siku hizi maabara makini haitoi majibu ya wagonjwa kabla sampuli hiyo ya uhakiki haijapita.

Hatua ya mwisho ni ya jibu sahihi linalosomwa vibaya, au lisilosomwa kabisa. Utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia karibu wagonjwa 4,500 waliokuwa wakitibiwa malaria kali. Watafiti walipozisoma slaidi za damu yao, waliokuwa na vimelea hawakufika nusu. Wengine walikuwa na ugonjwa mwingine uliofichwa na jina la malaria, na baadhi yao hawakupewa antibayotiki. Miongoni mwa wenye vimelea walifariki asilimia 7 hivi. Miongoni mwa wasio navyo, asilimia 12.