Mashine ya Mtumbwi Inapolala Miezi Mitatu



Safari hii tunaomba tuzungumze juu ya mashine ya mtumbwi, ile ya kupachika nyuma. Huenda mkata michikichi akauliza: mimi na mashine ya ziwani tuna uhusiano gani? Uhusiano upo. Hapa Rumonge, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, shamba na ziwa ni majirani. Wengi wetu tunakamua mawese mchana, na faranga tunazochanga pamoja zinakwenda kuvua usiku. Kikundi chetu kilichanga kwa miaka mitatu hata kikanunua mashine moja ya nguvu za farasi 40. Kazi yake ni kukokota apolo, yaani mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, yenye taa na wavu wa kuvulia ndagala.

Nchi nne zenye ziwa hili, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Tanzania, kwa mfano, ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi hiyo ndiyo ya kiangazi, ambapo upepo mkali wa kusini-mashariki huvuma ziwani. Kwa hiyo mashine hulala. Wengi hudhani mashine iliyolala haiharibiki. Sisi tulidhani hivyo, na tulilipa.

Mara ya kwanza tuliitoa mashine mtumbwini jioni, tukaibeba mabegani mpaka ghalani, tukailaza juu ya magunia, mguu wake ukiwa juu kuliko kichwa. Petroli ilibaki ndani ya kabureta. Hakuna aliyeifungua wala kuitazama. Siku ya kurudi ziwani kamba ya kuwashia haikuvutika hata kidogo. Fundi alipofungua alikuta maji yaliyobaki mguuni yamerudi nyuma mpaka ndani ya silinda, na pistoni imeshikwa na kutu. Ndani ya kabureta petroli ilikuwa imegeuka ulimbo wa rangi ya chai, na vitundu vyote vimeziba. Matengenezo yalikula mapato ya miezi miwili. Watu wakaanza kunyosheana vidole. Mwenzetu mmoja, fundi wa boila kiwandani, aliitwa mzembe mbele ya watoto wake, na huku hakuna aliyekuwa amempa kazi hiyo. Kikundi kilikaribia kuvunjika.

Basi tulikaa chini, tukaomba tufundishwe na fundi mzee wa bandarini, tukaandika daftarini. Haya ndiyo aliyotufundisha kwa mashine ya aina yetu, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili.

Kwanza, mashine ioshwe ndani. Ifungwe kwenye pipa lenye maji safi yanayofunika pampu, iwashwe na kuachwa iungurume polepole kwa dakika kumi, itoe mchanga na matope. Isiwashwe pakavu hata kidogo, maana mpira wa pampu ya maji hupozwa na maji yenyewe. Ukikosa maji unaungua mara moja. Kazi hii ifanywe nje penye hewa, mbali na moto na sigara.

Pili, ikiwa bado inaunguruma, uchomolewe mpira wa petroli na kuachwa mpaka izimike yenyewe. Hapo petroli ya kwenye kabureta imetumika. Kisha kifunguliwe kiskrubu cha chini ya kabureta, tone la mwisho litoke. Petroli ikikaa muda mrefu, sehemu yake nyepesi huruka na hewa, na nzito hubaki kama gundi. Petroli ya tangi nayo itumike au iuzwe. Isiwekwe kamwe katika nyumba wanamolala watu.

Tatu, zifunguliwe plagi. Kila silinda itiwe kijiko kidogo cha oili ileile ya kuchanganyia, kisha kamba ivutwe taratibu mara tano au sita ili oili ienee ukutani. Plagi zirudishwe, lakini nyaya zake zisiunganishwe, mtoto asije akaiwasha kwa mchezo. Oili hiyo ndiyo nguo ya chuma dhidi ya kutu.

Nne, oili ya gia imwagwe chomboni kwa kufungua skrubu ya chini na ya juu. Itazameni rangi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na sili imekwisha. Afadhali kulijua hilo leo, kuna miezi mitatu ya kutafuta sili, kuliko kulijua usiku katikati ya ziwa. Oili mpya isukumwe kutoka tundu la chini mpaka itokeze juu. Skrubu ya juu ifungwe kwanza, ndipo ya chini. Oili chafu isimwagwe ziwani, tunakochota maji ya kunywa.

Tano, pangaboi lifunguliwe. Nyuzi za nailoni za nyavu hujiviringisha nyuma yake na kukata sili kimyakimya. Sisi tulikuta uzi wa urefu wa mikono miwili. Ziondolewe zote, kisha chuma kipakwe grisi.

Sita, mashine isimamishwe wima juu ya gogo, kichwa juu, ili maji yote yashuke na kutoka mguuni. Ifunikwe kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Karatasi ya nailoni ikifungwa kabisa hutunza unyevu, na unyevu ndio mama wa kutu.

Wenzetu wa nchi za baridi, kama Kanada, Uswidi na Finlandi, hawana hiari katika jambo hili. Huko maziwa huganda, na maji yakigeuka barafu hutanuka kiasi cha sehemu 9 kwa mia. Maji kidogo yaliyosahauliwa ndani ya injini yanatosha kupasua chuma. Wao wanaogopa barafu, sisi tunaogopa kutu, lakini mafunzo ni mamoja: maji yatoke, petroli itoke, oili iingie.

Siku ya kurudi kazini, itiwe petroli mpya yenye kipimo cha oili kilichoandikwa katika kitabu cha mashine. Plagi zifutwe, nyaya ziunganishwe, na ijaribiwe kwanza ndani ya pipa. Ikitoa moshi mwingi mwanzoni msishtuke, ni ile oili tuliyoitia inayoungua. Lakini maji ya kupoza yasipotoka kwenye kitundu chake, izimwe papo hapo.

Tulipoilaza mara ya pili tulifuata daftari. Watu wawili walichaguliwa na mkutano, kila hatua ikaandikwa tarehe na kutiwa sahihi. Mashine iliwaka mvuto wa tatu. Yule fundi wa boila alikuwa mmoja wa wawili hao, na waliomtukana walimwomba radhi mbele ya watu, kama walivyomtukana mbele ya watu.

Lakini, ndugu, hatuwezi kumaliza hapa. Katika mkutano ule kijana mmoja wa wavuvi wetu alisimama akasema: "Wazee, mashine mmeipa oili ya miezi mitatu. Sisi mmetupa nini?" Nyumba nzima ilinyamaza. Wavuvi hawa hawana mshahara. Hulipwa mgao wa samaki. Tayari siku za mbalamwezi kila mwezi hawapati kitu, kwa kuwa ndagala hawafuati taa. Ziwa likifungwa, mgao unakatika kabisa. Nasi, watu wa chama, tunaolalamika kila siku juu ya matajiri wanaojali mitambo kuliko watu, tulikuwa tumefanya yaleyale.

Tulikata shauri siku ileile. Kabla ya kugawana, sehemu moja katika kumi ya mapato ya kila usiku inawekwa katika sanduku la mapumziko, na ziwa likifungwa linafunguliwa kwa ajili ya wavuvi. Wanaotunza mashine wanalipwa siku yao ya kazi, kama kazi nyingine yoyote. Fedha si nyingi, lakini mara hii hakuna mvuvi aliyeuza wavu wake ili anunue unga.

Tunawaomba mlitazame jambo hili kazini kwenu. Kiwanda kinaposimama kwa matengenezo, au shamba linapopunguza watu baada ya mavuno, mtambo hupewa grisi na mlinzi. Mfanyakazi je, hupewa nini? Limeandikwa wapi? Kama halimo katika mapatano yenu, lipelekeni katika mkutano ujao wa tawi kabla mashine haijazimwa. Ikishazimwa na watu wakatawanyika, hakuna wa kusikiliza.