Bwana Msa: Je, Ni Nakala Tu ya Sherlock Holmes?

Kila ninaposahihisha insha kuhusu riwaya ya upelelezi, hukutana na kauli ile ile: Bwana Msa ni Sherlock Holmes wa Waswahili. Mtahiniwa huishia hapo. Kauli hiyo si uongo, ila haitoshi, na inampunja mwandishi.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo ya sekondari mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya ya umma. Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari, akahariri gazeti la Zanzibari. Kuanzia 1958 hadi kustaafu kwake mwaka 1968 alihariri Mkulima, jarida la kilimo.

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la 1957-58 la East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao yake Nairobi. Baadaye zilifuata nyingine, zikiwemo Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na Kosa la Bwana Msa (1984). Alifariki mwaka 1991.

Athari ya Arthur Conan Doyle ni dhahiri. Bwana Msa huvuta kiko kama Holmes, na Najum, rafiki yake, yuko pale alipo Watson. Hata hivyo, hebu tutazame anwani. Mzimu ni mahali pa kuabudia na kuogopwa. Giningi, katika imani za Wazanzibari, huhusishwa na wachawi. Abdulla anaanzia kwenye hofu ambayo msomaji wake ameisikia nyumbani. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, tajiri Ali Bomani anauawa, na maiti yake inapatikana mzimuni. Bwana Msa hamtafuti pepo. Anamtafuta binadamu mwenye sababu ya kuua. Hivyo, fumbo la jinai linakuwa pia mjadala kati ya ushirikina na mantiki.

Mwalimu mwenzangu, tusiwafunze wanafunzi kuidharau riwaya hii kwa kuwa ni "pendwa". Nawe mtahiniwa, ukishataja mfanano na Holmes, usiweke kalamu chini. Jiulize: mwandishi amekopa nini, na amekitumia kusema nini kuhusu jamii yake? Jibu la swali hilo la pili ndilo uhakiki.